Kuwarudisha Kazini Watu wa Orodha ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikakuta mlango wa chini bado umefungwa. Ofisi ilikuwa Hyattsville, huku Marekani, ghorofa ya pili, juu ya kliniki ya meno. Nilisimama kando ya barabara na koti langu jipya, nikijifanya mtu anayesubiri basi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya hapo nilifanya kazi ghalani, kisha nikalea wazee majumbani mwao, na jioni nikasoma polepole, somo moja kwa muhula, mpaka nikapata cheti cha ushauri wa ajira. Mume wangu, aliyenileta huku kutoka Tanga, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nayasema haya ili ninyi mnaoanza kazi hii leo msidhani niliingia kwa wito. Niliingia kwa sababu nyumbani palikuwa kimya.

Aliyenifungulia mlango alikuwa Mkuu wa Kitengo mwenyewe, mama Mmarekani mweusi, mwenyeji wa hapo hapo, aliyewahi kuwa muuguzi na ambaye mpaka anastaafu alivaa viatu vya wauguzi. Alinionyesha meza, simu na kabati la majalada. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza yangu.

"Hapa hatumtafutii mtu kazi," aliniambia. "Mtu hujitafutia, sisi tunakaa pembeni yake. Ukianza kuitafuta wewe, utapata kazi unayoitaka wewe."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari kama mwanafunzi. Kuyaelewa kulinichukua miaka.

Nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Katika nchi hii mtu aliyeugua au kuumia hata asiweze kufanya kazi anaweza kupewa mafao ya ulemavu, na baada ya muda bima ya afya hufuata. Ili ayapate, lazima athibitishe kwa barua za madaktari kwamba hawezi kazi. Wengi hukataliwa mara ya kwanza, wakakata rufaa, wakakaa mbele ya hakimu na kusema kwa mdomo wao wenyewe, mbele ya watu, yote yaliyowashinda. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu akipata nafuu ajaribu kazi bila kunyang'anywa mafao papo hapo. Kuna miezi ya majaribio, na baada yake kuna kipindi ambacho akishindwa anaweza kurudi alikokuwa. Sisi ndio tuliomsaidia katikati hapo. Tulifanya tathmini, yaani mazungumzo marefu kujua anaweza nini na anapenda nini. Tulizungumza na waajiri kuhusu marekebisho ya mahali pa kazi: kiti cha aina fulani, saa pungufu, kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.

Miaka ya mwanzo tulihudumia waliopata mafao karibuni tu, watu ambao bado walikuwa na nguo za kazi kabatini na namba za wenzao kwenye simu. Hiyo tuliiita orodha ya kwanza. Ukimpigia mtu wa orodha ya kwanza, alikuwa anakungojea.

Asubuhi moja Mkuu wa Kitengo alitukusanya na kutuambia kwamba huduma inapanuliwa. Sasa tungewafikia na wale waliokaa kwenye mafao muda mrefu, miaka minane, kumi, kumi na mitano. Alikuwa ameshika karatasi zao mkononi. Wenzangu walitazama chini. Kila mmoja alijua kwamba ni vigumu watu hao kupata kazi, na wachache tu kati yao wangepata. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye zaidi, nikanyoosha mkono nikazipokea. Ndivyo orodha ya pili ilivyokuja kwangu, na ndivyo nilivyoanza kula chakula cha mchana peke yangu, kwa kuwa saa nzuri ya kuwapata watu hao kwenye simu ilikuwa saa sita mchana.

Wengi hawakupokea. Waliopokea walidhani mimi ni tapeli, au mbaya zaidi, kwamba mimi ni mpelelezi wa serikali ninayetafuta sababu ya kuwakatia mafao. Bwana mmoja wa hapo hapo Hyattsville, aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ujenzi, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Nilimuuliza, kama nilivyofundishwa, "Unadhani unaweza kufanya kazi gani?"

"Mliniambia siwezi," alisema. "Mlinifanya niseme mbele ya hakimu kwamba siwezi. Imenichukua miaka kuzoea. Leo unanipigia kuniuliza nini?"

Akakata simu bila hasira. Wiki iliyofuata nilipanda basi nikaenda kwenye anwani yake ili nimwombe radhi uso kwa uso. Msimamizi wa jengo aliniambia amehama mwisho wa mwezi uliopita, hajui wapi. Nilisimama kwenye ujia ule nikiwa na barua ya radhi niliyokuwa nimemwandikia, nikairudisha ofisini, nikaifungia kwenye jalada lake.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mtu anaweza nini. Niliuliza siku yake ya jana ilikuwaje.

Hilo ndilo swali nililomuuliza Grace Muthoni, Mkenya aliyekuwa akiishi Adelphi, mji wa jirani, kwenye zile nyumba za kupanga karibu na University Boulevard. Alikuwa kwenye mafao miaka kumi na moja. Zamani alikuwa mlezi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, kisha kisukari kikashambulia macho yake, jicho moja kwanza, la pili baada ya mwaka. Ndoa ilikwisha katikati ya mambo hayo.

"Jana?" alisema kwenye simu. "Jana sikuongea na mtu. Juzi pia. Wewe ndiye wa kwanza tangu Jumapili."

Ilikuwa Alhamisi.

Nilikwenda kwake. Nyumba ilikuwa safi kuliko yangu, kila kitu mahali pake, na taa zote zimezimwa, kwa kuwa yeye hazimsaidii kitu. Niliuliza kama naweza kuwasha. Akacheka, akasema, "Washa, mama. Mimi husahau kwamba watu huona."

Tulizungumza saa mbili. Nilipomweleza kuhusu miezi ya majaribio, alinikatiza.

"Sikiza. Mimi si mvivu, na kazi naitaka. Lakini nikianza kazi halafu ishindikane, wachukue kadi yangu ya hospitali, dawa ya sukari nitatoa wapi? Kwani mtanilisha nyinyi?"

Nilimleta Mshauri wa Mafao, mzee mmoja mpole wa ofisini kwetu ambaye kazi yake ilikuwa kujua sheria hizo tu. Alimsomea kifungu kimoja kimoja. Grace alimtaka arudie mahali pa bima mara tatu, na mara ya tatu akairekodi sauti yake kwenye simu. "Sasa mkinigeuka," alisema, "nitawachezea hii."

Kazi niliiona mimi. Siku ile ya kwanza, tukiwa bado tunaongea, jirani yake Mkongo aligonga mlango akiwa na barua ya hospitali. Programu ya simu ya Grace ikaisoma barua kwa sauti, kwa Kiingereza, na Grace akamfasiria kwa Kiswahili neno kwa neno, taratibu, kwa sauti tulivu ya mtu aliyewahi kukaa na wagonjwa. Nilirudi ofisini nimeshajua: ukalimani wa hospitali kwa njia ya simu. Anakaa nyumbani, hahitaji kusafiri, hahitaji macho. Nilifurahi kama mtu aliyepata mchumba.

Mtihani wa kampuni ya ukalimani alifeli mara ya kwanza. Kwenye mazungumzo ya mtihani mgonjwa Mkongo alisema "munganga" alimpa dawa, na Grace akatafsiri kama mganga wa kienyeji, kumbe kwao munganga ni daktari wa hospitali. Alinipigia akiwa amevunjika moyo. Nikamwambia aende kwa yule jirani. Walikaa pamoja wiki nne, kila alasiri, wakibadilishana maneno, na nadhani hizo zilikuwa wiki nzuri kuliko zote alizopata kwa muda mrefu. Mara ya pili alifaulu. Kampuni ikampa hedifoni na ratiba, nami nikaandika kwenye jalada lake neno ambalo kwenye orodha ya pili nilikuwa nimeliandika mara chache sana: Amefanikiwa. Jalada likafungwa.

Wakati huo Mkuu wa Kitengo alikuwa amestaafu na mahali pake alikuja Meneja wa Programu, kijana nadhifu aliyeongea na sisi zaidi kwa barua pepe. Alisimulia habari za Grace kwenye kikao cha wafadhili. Hakulitaja jina, kwa kuwa sheria hairuhusu, lakini mimi nilijua, na nilikaa pale mwisho wa meza nikiona fahari.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mtu akishafungiwa jalada, hatukuwa na wajibu wa kumpigia. Nilikuwa na wengine. Ilipita miezi mitano kabla sijamtafuta Grace, na nilimtafuta tu kwa sababu nilikuwa Adelphi kwa mtu mwingine aliyekataa kunifungulia mlango.

Grace alinifungulia akiwa na hedifoni shingoni. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha chai, ila chai yenyewe alisahau kuichemsha.

"Kazi vipi?" nilimuuliza.

"Kazi iko. Wananisifu." Akakaa. "Jana kuna mama alikuwa na mtoto hospitali, Texas ama Ohio, sijui. Daktari akasema mambo yameharibika. Ni mimi nilimwambia. Alilia, nami ni mimi nilikuwa namsikia kuliko wote hapo, maana yuko kwa masikio yangu. Halafu laini ikakatwa. Sekunde kumi, mwingine, anataka kubadilisha siku ya kuona daktari wa meno."

"Yule mtoto alipona?"

"Nani ataniambia?" alisema. "Sina jina, sina namba. Nikitoa hii kitu masikioni, nyumba imenyamaza vile vile. Mama, mimi nilikuwa nalea wagonjwa. Mgonjwa akifa nilikuwa namwosha. Nilikuwa najua amekufa."

Nilikaa pale nikitazama mikono yake. Nilikuwa nimemwona mtu aliyekaa peke yake miaka kumi na moja, nikamtafutia kazi ya kukaa peke yake, nikaiita mafanikio. Na kwa nini ilinipendeza ile kazi? Kwa sababu haikunipa taabu. Hakukuwa na mwajiri wa kubishana naye juu ya ngazi na milango, wala safari za kupanga. Kazi niliyoitaka mimi.

"Unataka niiache?" nilimuuliza, nikajisahihisha. "Unataka kuiacha?"

"Nataka mahali pana watu," alisema. "Nisikie viti vikisogezwa. Mtu aniambie leo umechelewa."

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja wa Programu na kumwomba alifungue jalada. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Jalada hili limefungwa kwa mafanikio," alisema. "Ukilifungua, tutakuwa tunasema hatukufanikiwa."

"Hatukufanikiwa."

"Ana kazi, Bi Mwanaidi. Anafanya vizuri. Miezi yake ya majaribio inakwenda. Akiacha sasa na asipate nyingine, umemrudisha nyuma kuliko ulivyomkuta. Umefikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Alikuwa na haki ya kuliuliza. "Akibaki pale ataugua," nilisema. "Upweke unamla."

Alifungua fomu kwenye kompyuta, akaisoma yote, kisha akaigeuza skrini nione. "Hakuna kisanduku cha upweke."

Nikaanza kusimama. Ndipo aliposema, macho yakiwa bado kwenye skrini, "Kuna 'mazingira ya kazi hayamfai mteja.' Andika hiyo. Na uandike kwamba ni mimi niliyeruhusu." Sijawahi kumsema vibaya kijana yule tangu siku hiyo.

Kulikuwa na kliniki kubwa si mbali na kwa Grace iliyokuwa ikihitaji mkalimani wa Kiswahili wa ana kwa ana. Msimamizi wa Wakalimani pale, mama aliyetoka El Salvador, alitupokea vizuri, ila alipoiona fimbo nyeupe uso wake ulibadilika. Alizungumza na mimi badala ya kuzungumza na Grace.

"Korido zetu zimejaa vitanda vya magurudumu. Akianguka nani atawajibika? Na mkalimani lazima aone uso wa mgonjwa, ajue kama ameelewa."

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo juu ya marekebisho. Grace alinitangulia, kwa Kiingereza chake cha Nairobi, polepole.

"Niliwageuza wagonjwa kitandani miaka minane," alisema. "Ninajua mtu anavyopumua akiwa haelewi. Na anavyopumua akiwa anaogopa kusema haelewi. Nipe wiki moja."

Yule mama alifikiri. "Wiki moja," alisema, safari hii akimwambia Grace.

Mwalimu wa fimbo, ndiye anayewafundisha wasioona kutembea mahali papya, alikuja siku mbili kabla, yeye na Grace wakazitembea korido zile mara nyingi mpaka Grace akajua kila mlango. Siku ya tatu ya wiki ile ya majaribio alijigonga kwenye kitanda kilichoachwa njiani, akapasuka mdomo. Nilikuwa nimekaa chumba cha kusubiria nikamwona akitoka na pamba mdomoni, nikajua imekwisha. Msimamizi wa Wakalimani alitoka nyuma yake, amekasirika, lakini hasira yake ilikuwa kwa wahudumu. Alikuwa akiwafokea kwa kuacha kitanda katikati ya njia. Ndipo nilipojua kwamba Grace amepata kazi.

Alianza siku tatu kwa wiki. Niliendelea kumpigia, jalada likiwa wazi, mpaka akaanza kunipokea kwa haraka haraka na kuniambia atanipigia baadaye, na hakupiga. Kwa kazi yetu hiyo ni dalili njema. Nililifunga kwa mara ya pili.

Orodha ya pili haikudumu. Fedha zilipopungua huduma ilirudishwa kwa wapya peke yao, na wenzangu wawili wakahamishwa. Karatasi zilizobaki nilikabidhiwa nimalizie mwenyewe, chumba kizima, meza nne na mtu mmoja. Watu niliowarudisha kazini kutoka orodha ile naweza kuwataja kwa majina bila kuchoka. Niliowapigia wasipokee siwezi kuwataja, ni wengi mno, na ndio ninaowafikiria zaidi. Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia kwamba mtu aliyekaa nje ya kazi miaka mingi hajapoteza ustadi peke yake. Amepoteza wa kumwuliza alikuwa wapi. Anzieni hapo. Kazi ya kumpa mtu cha kufanya tu, bila mtu wa kuwa naye, msiiandike kuwa mafanikio kabla hamjarudi kumwona.

Nilistaafu majira ya baridi. Waliniletea keki, Meneja wa Programu akasoma maneno machache, nami nikarudi nyumbani na basi lile lile la kila siku. Mwanangu Saida anafundisha Annandale, ng'ambo ya mto. Si mbali kwa gari, ila mimi siendeshi tena, na kwa mabasi ni nusu ya siku. Hunipigia Jumapili. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na wajukuu wanapungia mkono kwenye skrini halafu wanaondoka. Siku nyingine zote nafagia mahali palipo safi.

Mwaka huu goti lilinizidi, nikaenda kliniki ile alikofanya kazi Grace. Nilikuwa sikumbuki mara ya mwisho nilipozungumza na mtu uso kwa uso. Muuguzi wa mapokezi alisoma jina langu, akauliza kama nitahitaji mkalimani wa Kiswahili. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka thelathini. Nimeandika ripoti kwa Kiingereza, nimebishana kwa Kiingereza.

"Ndiyo," nilisema. "Nitahitaji."

Grace aliingia na fimbo yake na kadi ya kliniki kifuani. Aliposikia salamu yangu alisimama kidogo, kisha akamgeukia daktari na kumwambia, kama kanuni inavyotaka, kwamba anamfahamu mgonjwa huyu. Daktari akasema haidhuru. Grace hakuuliza kwa nini nimemwita, wala hakunisemesha zaidi ya kazi. Akakaa kando yangu, karibu, tukaanza.

Daktari aliuliza maumivu yameanza lini. Nilielewa kila neno, nikangoja Grace alilete kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiswahili, nikangoja alirudishe. Ilichukua muda. Sikuwa na haraka. Mwishoni daktari aliuliza nyumbani naishi na nani, nani atanisaidia baada ya kuchomwa sindano ya goti.

"Sina mtu," nilisema. "Naishi peke yangu."

Mkalimani hasemi "anasema anaishi." Husema kwa nafsi ya mgonjwa. Grace akamwambia daktari, kwa sauti yake ile tulivu, "Naishi peke yangu." Halafu akatafuta mkono wangu juu ya kiti, akaushika mpaka daktari alipomaliza kuandika.

Tulipotoka koridoni nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwuliza anapumzika saa ngapi, kama kuna mahali pa kunywa chai. Mlango wa upande wa pili ulifunguka na mtu akaita jina lake, na mwingine akapita akamwambia Grace, wamekutafuta tangu saa nne.

"Mama, samahani," aliniambia. "Nina mgonjwa mwingine ananingoja."

"Nenda," nilisema. "Wahi."

Akaenda. Nilibaki nimeegemea ukuta kwa ajili ya goti, nikimtazama anavyokwenda kwa kasi katikati ya watu, wakimpisha na kumsalimu kwa jina, mpaka alipokata kona.